Kupiga picha ndege wa majini ukiwa mafichoni kando ya lambo

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Ninunue lenzi ya milimita ngapi? Mbona ndege wanaruka kabla sijafika? Mbona yangeyange wangu anatoka doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja? Nayajibu yote hapa, nikimlenga mtu mwenye kamera ya kawaida na lambo la kunyweshea mifugo jirani na kwao. Wa kukodi gari kwenda Manyara anaweza kusoma pia, lakini sikuandika kwa ajili yake.

La lenzi nalimaliza sasa hivi: ikiwa yako inafika milimita 300, anza nayo. Vinavyoamua picha ni upande wa bwawa uliokaa na saa uliyoingia. Aliyebeba milimita 600 akakaa akilitazama jua atarudi na vivuli vya ndege.

Mifano yangu mingi ni ya malambo ya kaskazini mwa Tanzania, yanayopungua maji kuanzia Juni. Kama uko Kenya, kwenye majaruba ya mpunga ya Ahero, au Limuru kando ya bwawa la Manguo ambako Julai ukungu unaweza kukunyima asubuhi nzima, rekebisha miezi na saa. Mengine hayana tofauti kubwa.

Uende lini

Ukiwa na nafasi ya msimu mmoja tu, chagua Septemba na Oktoba. Lambo limenywea, samaki na vyura wamebanana kwenye maji machache, na ukingo wa tope umepanuka. Korongo, kwarara na domomwiko hukusanyika hapo. Wakati huohuo wale ndege wadogo wa topeni wanaohama kutoka Ulaya na Asia wanaanza kuwasili, na wengi wao watakaa mpaka Machi au Aprili. Masika ni wakati wa rangi nzuri na ndege wengi wanaotaga, lakini maji yametapakaa kila mahali na ndege nao wametawanyika. Kwa anayeanza inakatisha tamaa.

Kwa siku, ni asubuhi. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza kwenye saa 12:30 hivi mwaka mzima na hupanda haraka. Kufikia saa 3 mwanga umeshakuwa mkali, na kwenye malambo mengi ng'ombe nao wako njiani. Jioni kuanzia saa 10:30 inafaa pia, ila giza likianza halikusubiri.

Vya kuwa navyo

- Kamera na lenzi ya milimita 300 au zaidi. Kamera ndogo za zumu ndefu, zile zisizobadilishwa lenzi, zinafaa kabisa. Simu peke yake haitoshi, ingawa ukiibana kwenye jicho la darubini utapata picha ya kumtambulia ndege.
- Mfuko wa maharage wa kulazia lenzi. Ushone kwa jinzi chakavu, tia kilo mbili hivi za maharage au mahindi, usiujaze ukatuna. Lenzi inatakiwa izame kidogo. Ukinyeshewa, mwaga uanike siku hiyohiyo, la sivyo utaotesha shamba.
- Kigoda kifupi, au mkeka ikiwa utalala kifudifudi.
- Kitambaa cha maficho: magunia ya katani, neti ya kivuli ya wakulima wa bustani, au turubai la rangi ya udongo.
- Nguzo nne, kamba, na panga la kukatia nyasi.
- Buti za mpira.
- Betri ya akiba na kadi yenye nafasi. Kuangalia kioo cha kamera kila dakika hula betri kuliko kupiga picha.
- Maji, na chakula kisicho na mfuko wa kelele. Korosho zifungue nyumbani.

Kuhusu nguo: rangi yoyote iliyofifia inatosha, khaki au kijani. Usivae mabaka ya kijeshi, wala usitumie kitambaa hicho kujengea maficho. Tanzania raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa, na Kenya na Uganda nako utaulizwa.

Hatua

1. Omba ruhusa, na ujulikane. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji (Kenya, kwa chifu), kisha wazee wa mifugo wanaolitumia lambo. Waeleze unachofanya na uwaonyeshe picha chache. Mtu anayejificha vichakani alfajiri na kitu kirefu cheusi mkononi ana mengi ya kushukiwa, na wala si kosa la anayemshuku. Kwa bwawa la umeme au la maji ya mji usipige picha kabla ya kupata kibali cha wanaolisimamia.

Waulize hao wazee swali moja zaidi: humu mna mamba au kiboko? Jibu likiwa ndiyo, au likiwa "zamani alikuwepo", usijenge maficho ukingoni. Piga ukiwa ndani ya gari au tafuta lambo jingine.

2. Tazama kwanza bila kamera. Kaa mbali, chini ya mti, asubuhi mbili tatu. Andika ndege wanatua wapi, wanakula wapi, wanapumzika wapi, na mifugo inashukia upande gani. Ndege wana mazoea. Mdiria mweusi na mweupe atarudi kwenye kigingi kilekile. Yangeyange mkubwa ana pembe yake ya kuvua na atamfukuza mwenzake akiikaribia. Yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi haachani na yungiyungi, kwa hiyo mwenzio anayelalamika kwamba hajampata huenda alijenga upande wa tope. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kupoteza muda, na ndio hao wanaoniuliza kwa nini ndege wako ng'ambo siku zote.

3. Chagua upande. Kwa picha za asubuhi, maficho yawe ukingo wa mashariki yakitazama magharibi, ili jua litokee mgongoni kwako na limwangukie ndege usoni. Kwa jioni ni kinyume chake. Usijaribu kuyafanya yatumike kutwa, chagua moja.

Upepo nao uhesabu. Ndege hutua na huruka wakiukabili. Kaskazi na kusi zote huvuma kwetu zikitokea pande za mashariki, kwa hiyo aliyekaa ukingo wa mashariki mara nyingi atakuwa na jua na upepo vyote mgongoni, na bata watatua wakimtazama. Bara, milima huugeuza upepo, basi hakikisha kwa kutupa nyasi kavu hewani.

Tazama pia kilicho nyuma ya mahali ndege atakaposimama. Ukingo wa pili ukiwa mbali, picha itakuwa na mandhari laini. Ukiwa karibu na una mifuko ya plastiki, itaonekana kila moja.

4. Jenga. Nguzo nne, kimo cha mtu aliyekaa, upana wa kunyoosha miguu. Zungushia gunia au neti, kisha chomeka nyasi na matete ya hapohapo. Kata machache, tena mbali na maji, maana matete hayo ni makao ya mtu mwingine.

Mambo matatu huharibu maficho mengi ya mara ya kwanza:

Kitambaa kinachopeperuka. Kifunge chini kwa mawe. Ndege watavumilia kibanda kigeni lakini hawavumilii kinachopiga makofi.

Mgongo ulio wazi. Mwanga ukipenya nyuma yako, ndege wataona kivuli chako kikicheza ndani hata kama mbele pamefunikwa vizuri. Nyuma ndipo pawe pazito kuliko pote.

Tundu lililo juu mno. Wanaoanza hulitoboa usawa wa macho wakiwa wamekaa kwenye kiti cha kawaida, kisha picha zote zinamwonyesha ndege kwa juu, mgongo na maji. Lenzi iwe sentimita 30 hadi 50 kutoka usawa wa maji. Hapo utamtazama bata jicho kwa jicho, na nyuma yake patayeyuka. Ndiyo sababu ya kigoda na mkeka.

Wakati wa kiangazi kumbuka kwamba maji yanakimbia. Chomeka kigingi ukingoni, urudi baada ya wiki uone yamerudi nyuma hatua ngapi. Maficho yaliyokuwa mita tano kutoka majini Agosti yanaweza kuwa mita ishirini Oktoba, katikati ya uwanja mkavu. Afadhali ujenge kitu chepesi cha kubebeka. Au ukodolee macho sehemu yenye kina, ambayo ndiyo itakayobaki mwisho.

5. Yaache yazoeleke. Siku tatu nne usiingie. Ndege wakianza kupita karibu nayo bila kunyoosha shingo, yako tayari.

6. Weka tawi la kutulia. Kama kuna mdiria, hii ndiyo kazi ndogo yenye faida kubwa kuliko zote. Chomeka tawi kavu majini, mita tano au sita kutoka kwenye tundu, upande wenye mwanga. Liwe nene kiasi cha dole gumba, kwa sababu mdiria humpigiza samaki kwenye tawi kabla ya kummeza, na kijiti chembamba kitamyumbisha. Usilisogeze karibu zaidi ukidhani utapata picha kubwa: lenzi nyingi ndefu hukataa kufokasi kitu kilicho chini ya mita mbili au tatu, na ndege aliye karibu hivyo atasikia kila kishindo cha shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga unapopiga.

Usiingie majini bila buti kuliweka. Maji yaliyotuama yana konokono, na konokono wana kichocho. Dakika chache za ngozi kugusa maji zinatosha. Ukilowa, nenda kapime kituo cha afya baada ya wiki kadhaa, hata kama hujisikii vibaya.

Samaki wa kumtegea ndege, au sauti yake kwenye simu ili umvute, visahau. Sauti humchosha ndege anayedhani amevamiwa na mwenzake, na wakati wa kutaga humtoa kwenye mayai.

7. Ipange kamera usiku, nyumbani. Gizani ndani ya gunia si mahali pa kutafuta vitufe. Anzia hapa:

- Kasi ya shata 1/1000 ya sekunde kwa ndege anayetembea au kuogelea. Anayeruka, 1/2500. Mdiria akijitupa majini, 1/3200, na bado atakushinda mara nyingi.
- Tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3, au pana kabisa kadiri lenzi yako inavyoruhusu.
- ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) ijiendeshe yenyewe, kikomo 3200. Kamera mpya 6400. Chengachenga kidogo zinasafishika kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika haina dawa.
- Fokasi ya kufuatilia, ile inayoandikwa AF-C au AI Servo kutegemea kamera.
- Kupiga mfululizo.
- Faili za RAW, yaani picha ghafi, kama unajua kuzihariri. Kama hujui, JPEG ya ubora wa juu, utajifunza baadaye.
- Milio yote izimwe, na taa ya kusaidia fokasi pia. Shata ya kimya ikiwepo, itumie.

Nadharia pekee utakayoihitaji leo ni hii: kwa lenzi ya milimita 400, f/5.6, ndege akiwa mita kumi, eneo linaloonekana kali halizidi shubiri moja mbele na nyuma kwa pamoja. Fokasi ikishika bawa, jicho limepotea. Lenga jicho siku zote.

8. Ingia kabla hakujapambazuka. Saa 11:30 uwe umeshakaa. Kabla ya kuingia, piga kuta na sakafu kwa fimbo. Nyoka hupenda vibanda visivyo na mtu, na siafu wakikuvamia utatoka mbio na ndege wote watakujua. Tochi ielekee chini.

Ukichelewa na ndege wameshakuwepo, ipo njia: ingieni wawili, kisha mmoja aondoke waziwazi akitembea polepole. Ndege wengi humtazama anayekwenda zake na kutulia. Mtafute kijana wa hapo kijijini, mlipe kidogo, na umwonyeshe picha baadaye. Huyohuyo atakusaidia kuwatuliza watoto, ambao ukiwapuuza watakuja kumi kuchungulia kwenye tundu lako saa moja na nusu, mwanga ulipo mzuri kuliko wakati wowote.

9. Subiri, ukisoma dalili. Lenzi itoe mdomo kidogo tu tunduni na uiache hapo. Ikibidi kuigeuza, igeuze kwa kasi ya kinyonga. Nusu saa ya kwanza usipige kitu. Acha ndege warudi kwenye shughuli zao.

Ndege hutangaza anachotaka kufanya. Anayetaka kuruka huinama mbele, hunyoosha shingo, hugeukia upepo, na mara nyingi hujisaidia kwanza. Ukiona hivyo, kidole kiwe kwenye shata. Mdiria anayepigapiga mbawa hewani mahali pamoja yuko karibu kuchomoka. Domomwiko anapofagia maji kushoto na kulia, subiri anyanyue kichwa. Na ukibahatika kumwona yule korongo mweusi anayekunja mbawa kuzunguka kichwa kama mwavuli ili avue chini ya kivuli chake, usikimbilie kupiga mwavuli peke yake. Subiri aufungue, jicho la njano hutokea hapo na samaki anaweza kuwa mdomoni.

10. Piga, kisha rekebisha mwanga. Kamera hupima mwanga ikidhani dunia yote ni kijivu. Kwa yangeyange juani mwenye maji ya giza nyuma yake, punguza mwanga kwa 0.7 hadi 1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera. Kwa mnandi mweusi, au ndege yeyote, mwenye anga jeupe nyuma yake, ongeza 1 au zaidi. Piga moja, angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) mara moja, endelea. Acha nafasi mbele ya mdomo wa ndege, na usikate kivuli chake majini kwa kukaza zumu mpaka mwisho.

Piga mifululizo mifupi ya picha nne tano. Anayebonyeza bila kuachia hujaza kumbukumbu ya kamera, nayo hugoma sekunde ileile samaki anapotoka majini.

11. Toka baada ya ndege, au pamoja na ng'ombe. Kundi la ng'ombe likishuka kunywa, ndege husogea wenyewe, na wewe ukitoka nyuma ya ng'ombe hakuna atakayekihusisha kibanda na binadamu. Hii inaokoa siku zako zijazo kuliko kitambaa chochote cha bei kubwa. Kama ng'ombe hawaji, subiri ndege wawe mbali.

Ukikuta kiota karibu na maficho, hama. Ndege akibaki kando anakupigia kelele huku mayai yako juani, jua la saa nne asubuhi linatosha kuyaharibu. Na picha za korongo taji zikiwa na vifaranga, zitume bila kutaja lambo. Ndege huyo ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka tangu 2012, na wapo wanaokwenda kuiba makinda wakauze.

Mambo yakikataa

*Picha zote zina ukungu ingawa shata ni ya kasi.* Tazama saa. Kuanzia saa 3 au saa 4 ardhi ikipata moto, hewa juu ya tope hutetemeka na hakuna lenzi inayoishinda. Piga ndege walio karibu tu, au funga kazi.

*Baadhi ziko sawa, baadhi zimetikisika.* Umeinua lenzi kutoka kwenye mfuko wa maharage bila kujua. Au umeacha kizuia mtikisiko cha lenzi kwenye hali ya tripodi.

*Fokasi inakimbilia matete.* Tumia nukta moja badala ya eneo pana. Lenzi yako ikiwa na swichi ya kuwekea mipaka umbali wa fokasi, iwashe. Kisha kesho ng'oa yale mabua mawili yaliyo mbele ya tundu. Huwa ni mawili tu.

*Ndege wanatua, lakini ng'ambo.* Umejenga mahali unapopapenda wewe. Rudi hatua ya 2.

*Wanakuja, wanashtuka, wanaondoka.* Mwombe mtu aingie kwenye maficho, wewe simama walipo ndege, uchutame mpaka chini. Utaona tatizo mwenyewe: kioo cha lenzi kinamulika, kuna mwanga nyuma, au saa ya mkononi inang'aa.

*Kioo cha lenzi kina mvuke.* Kamera imetoka kwenye gari la kiyoyozi au chumba baridi ikaingia kwenye hewa yenye unyevu, jambo la kila siku kwa walio Pwani. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa nusu saa ipate joto polepole. Usifute kwa shati.

*Maji yameinama.* Washa mstari wa usawa kwenye kioo cha kamera. Picha ulizokwisha piga nyoosha kwenye kompyuta, ukitumia kivuli cha ndege kinachoakisiwa majini: kichwa na kichwa cha kivuli viwe kwenye mstari mmoja wa wima.

*Maficho yamechukuliwa.* Magunia yanahitajika nyumbani kwa kila mtu. Yabebe unapoondoka, acha nguzo na nyasi tu, kisha kesho alfajiri yafunge upya. Ni dakika kumi, kwa hiyo fika saa 11:20.